UZI: 2,147,483,647, namba tasa kubwa inayothibitika kwa kalamu na karatasi

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya namba moja tu, nayo ni 2,147,483,647, na ninaomba tubaki nayo hadi mwisho. Nimefundisha hisabati ya sekondari kwa miaka mingi, na kila tunapofika kwenye namba tasa huulizwa swali lile lile: 97 tunaijaribu kwa 2, 3, 5 na 7, kazi ikaisha; lakini mtu anawezaje kusema kwa uhakika kwamba namba yenye tarakimu 10 haina kigawo, na hasa aliwezaje kusema hivyo kabla kompyuta hazijakuwapo? Jibu ninalotaka kulieleza hapa ni kwamba namba hii haikushindwa kwa nguvu ya kuhesabu. Ilithibitishwa kwa sababu ya umbo lake, na umbo hilo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulielewa.

Namba yetu ni 2^31 − 1, yaani zidisha 2 thelathini na moja pamoja, kisha toa 1. Ukiiandika kwa mfumo wa kompyuta, ule wa 0 na 1 peke yake, unapata safu ya moja thelathini na moja zilizopangana bila sifuri hata moja katikati. Ukiongeza 1 juu yake, zote zinageuka sifuri na moja inasogea mbele, kwa hiyo jirani yake wa juu hana kigawo tasa kingine chochote isipokuwa 2. Shikeni hilo la jirani, kwa maana karibu kila sifa nitakayoitaja inatokana nalo.

Kwanza, kwa nini 31? Chukua 2^15 − 1, ambayo ni moja kumi na tano mfululizo. Zigawe katika mafungu ya tatu tatu: 111 111 111 111 111. Mafungu yote ni sawa, na 111 kwa mfumo huo ni 7, kwa hiyo bila kuhesabu lolote tunajua kwamba 2^15 − 1 inagawanyika kwa 7. Safu ya moja 31 haigawiki katika mafungu sawa kwa namna hiyo, kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa. Hata hivyo kigezo hiki hufungua mlango tu, hakimalizi safari. Namba 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89.

Historia yake ni fupi na ina makosa ya watu wakubwa. Pietro Cataldi wa Bologna alitangaza mwanzoni mwa karne ya 17 kwamba 2^n − 1 ni tasa kwa n ya 17, 19, 23, 29, 31 na 37. Mwaka 1640 Fermat alionyesha kwamba 23 na 37 hazifai. Mwaka 1738 Euler akaiondoa 29, kwa sababu 2^29 − 1 inagawanyika kwa 233. Marin Mersenne aliiweka 31 katika orodha yake ya mwaka 1644, orodha ambayo baadaye ilionekana kuwa na makosa matano: aliziingiza 67 na 257 ambazo hazistahili, akaziacha 61, 89 na 107 ambazo zinastahili. Kwa hiyo kuhusu 31 Cataldi na Mersenne walisema kweli, ila kusema kweli bila uthibitisho katika hisabati hakuhesabiki. Uthibitisho ulikuja kwa Leonhard Euler, katika barua yake kwa Bernoulli iliyochapishwa katika kumbukumbu za chuo cha sayansi cha Berlin za mwaka 1772. Wakati huo Euler alikuwa akiishi Saint Petersburg na macho yake yalikuwa karibu yamekwisha kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Ili kuhakikisha kwamba namba ni tasa, inatosha kujaribu vigawo tasa visivyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa kiko kati ya 46,340 na 46,341. Namba tasa zilizo chini ya kiwango hicho ni 4,792. Mtu mwenye subira anaweza kuzipitia zote, lakini Euler hakufanya hivyo. Alijua kwamba kigawo tasa cha 2^31 − 1, kama kipo, lazima ukikigawanya kwa 248 kibakize 1 au 63. Namba za namna hiyo hadi 46,340 ni 372 tu, ukishaiondoa 63 yenyewe ambayo si tasa, na nyingi kati ya hizo 372 pia si tasa, kwa hiyo hazina haja ya kujaribiwa.

Nawaonyesha mwanzo wa kazi kama ninavyouandika ubaoni. Wagombea wa kwanza ni 249, ambayo ni 3 × 83, tunaiacha. Kisha 311, ambayo ni tasa, tunaijaribu. 311 × 6,905,092 ni 2,147,483,612, na zinabaki 35. Haigawanyiki. Baada ya hapo tunaruka 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241, zote zikiwa na vigawo vyake, hadi tufike 1,303: inaingia mara 1,648,107 na zinabaki 226. Kisha 1,489: inaingia mara 1,442,232 na zinabaki 199. Tumeshafika karibu 1,500 na tumegawanya mara tatu tu. Endeleeni hivyo hadi 46,340 na mtakuwa mmeirudia kazi ya Euler neno kwa neno.

Mchangiaji wa pili

Mwalimu, shukrani kwa uzi. Nina ombi moja. Umesema Euler "alijua" kwamba kigawo lazima kibakize 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Hapo ndipo mzigo wote ulipo. Ukituambia tu kwamba inajulikana, sisi tusioijua tunabaki tukiamini jina la Euler, na wewe mwenyewe umetuonyesha kwamba Cataldi na Mersenne hawakustahili kuaminiwa kwa majina yao. Tafadhali tupe sababu, hata kama ni ndefu.

Mwanzisha uzi

Ombi la haki kabisa, Mkuu. Sababu ina hatua mbili.

Hatua ya kwanza. Tuseme q ni namba tasa inayogawanya 2^31 − 1. Andika 2, 4, 8, 16 na kuendelea, na kila mara chukua kinachobaki ukigawanya kwa q. Mabaki hayo lazima yajirudie, kwa kuwa ni machache, na kwa dhana yetu ukifika kwenye 2^31 kinabaki 1, kwa sababu q inagawanya 2^31 − 1. Kwa hiyo mzunguko wa mabaki una urefu unaoigawanya 31. Lakini 31 ni tasa, kwa hiyo urefu ni 1 au 31. Urefu wa 1 ungemaanisha kwamba 2 yenyewe inabakiza 1, yaani q inagawanya 1, jambo lisilowezekana. Urefu basi ni 31 kamili. Sasa kanuni ndogo ya Fermat inasema kwamba 2^(q − 1) nayo inabakiza 1 ikigawanywa kwa q, kwa hiyo q − 1 lazima ikamilishe mizunguko mizima, yaani iwe kigawe cha 31. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa. Kigawe cha 31 kilicho shufwa ni kigawe cha 62. Hivyo q ina umbo la 62k + 1, na hakuna njia nyingine.

Ijaribuni kwa 2,047 mwone. Kipeo hapo ni 11, kwa hiyo vigawo vyake viwe na umbo la 22k + 1: 23 ni 22 + 1, na 89 ni 4 × 22 + 1.

Hatua ya pili ni tamu zaidi. Ikiwa 2^31 inabakiza 1, basi 2^32 inabakiza 2. Lakini 2^32 ni kipeo cha pili cha 2^16, yaani cha 65,536. Kwa hiyo, katika hesabu ya mabaki kwa q, namba 2 ina kipeuo cha pili, nacho ni 65,536. Iko kanuni ya zamani inayosema kwamba, kwa namba tasa witiri, 2 huwa na kipeuo cha pili pale tu ambapo namba hiyo tasa ikigawanywa kwa 8 inabakiza 1 au 7. Hiyo sitaithibitisha hapa, kwa maana inahitaji uzi wake. Ukiunganisha masharti mawili, 62k + 1 inatimiza sharti la 8 pale tu ambapo k ikigawanywa kwa 4 inabakiza 0 au 1. k ya 0, 4, 8 inakupa 248n + 1. K ya 1, 5, 9 inakupa 248n + 63. Hizo ndizo safu mbili za Euler.

Naomba muikumbuke hiyo 65,536. Haijamaliza kazi yake.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ninaandika programu za kompyuta, na namba hii ninakutana nayo karibu kila wiki. Ndiyo namba kamili kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa katika nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, pale ambapo biti moja imetengwa kwa ajili ya alama ya chanya au hasi. Mwezi Desemba 2014 idadi ya watazamaji wa wimbo mmoja wa Korea Kusini huko YouTube iliivuka, na kihesabio kikalazimika kupanuliwa. Mifumo mingi ya zamani ilihesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, na kwa mifumo ambayo haijabadilishwa hesabu hiyo itafikia 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, ambapo huku kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata haina mahali pa kuandikwa.

Swali langu kwa Mwalimu: je, waliounda kompyuta waliichagua kwa sababu ni tasa?

Mwanzisha uzi

Hapana, Mkuu, na ni vizuri tulitenganishe jambo hili kwa uangalifu. Kompyuta ilihitaji safu ya moja zilizojaa nafasi zote, na ni sadfa tu kwamba safu ya 31 imekuwa tasa. Nafasi ya biti 8 inaishia 127, ambayo ni tasa. Nafasi ya biti 16 inaishia 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Nafasi ya biti 64 inaishia 2^63 − 1, safu ya moja 63, nayo kwa mbinu yetu ya mafungu ya tatu tatu inagawanyika kwa 7 mara moja. Hakuna programu inayoharibika kwa sababu 32,767 si tasa.

Lakini ipo kazi moja ya kompyuta ambapo utasa wa namba hii ndio unaofanya kazi, nayo ni kutengeneza namba za nasibu. Ningependa wewe mwenye fani hiyo uieleze.

Mchangiaji wa tatu

Naieleza kama tunavyoifanya. Unaanza na namba yoyote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646. Unaizidisha kwa 16,807, unagawanya jibu kwa 2,147,483,647, na kinachobaki ndicho namba yako inayofuata. Ukianza na 1, unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na kuendelea. Kwa macho namba hizo hazina mpangilio. Mbinu ya jumla ni ya D. H. Lehmer, na mwaka 1988 Park na Miller walipendekeza 16,807 pamoja na namba tasa hii kuwa kiwango cha chini ambacho programu yoyote ya namba za nasibu isipungue. Walitoa hata njia ya kujikagua: ukianza na 1, namba ya 10,000 lazima iwe 1,043,618,065. Nimeijaribu leo kabla ya kuandika na imetoka hiyo hiyo. Kwa kazi za siri, kama vile nywila, mbinu hii haifai hata kidogo, lakini kwa majaribio ya kawaida ilitumika sana.

Sifa inayotafutwa ni kwamba safu ipitie kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 mara moja tu kabla ya kurudi mwanzo. Kwamba inafanya hivyo nilikuwa nikilichukua kama lilivyoandikwa vitabuni. Kwa nini 16,807, sijawahi kukaa nikalifikiria.

Mwanzisha uzi

16,807 ni 7^5, na siri iko kwa jirani wa chini. Tumezungumza juu ya jirani wa juu. Sasa tumtazame 2,147,483,646. Ni 2 × (2^30 − 1), na 2^30 − 1 ni tofauti ya vipeo viwili vya pili, ile tunayoifundisha kila mwaka: (2^15 − 1)(2^15 + 1), yaani 32,767 × 32,769. Ya kwanza tumeshaiona, ni 7 × 31 × 151. Ya pili ni 9 × 11 × 331. Kwa mistari miwili tumemchambua jirani wa chini wote:

2,147,483,646 = 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331.

Tazameni jinsi jambo hili lilivyo la neema. Ukiokota namba tasa ya kawaida yenye ukubwa huu, kumchambua jirani wake kunaweza kukutoa jasho. Hapa aljebra ya kidato cha pili inatosha.

Sasa, mabaki ya vipeo vya 7 yana mzunguko ambao urefu wake lazima uigawanye 2,147,483,646. Kama mzunguko ungekuwa mfupi kuliko urefu kamili, basi 7 ikipandishwa kwenye kipeo cha 2,147,483,646 kilichogawanywa kwa mojawapo ya 2, 3, 7, 11, 31, 151 au 331 ingebakiza 1. Unajaribu hizo saba, hakuna hata moja inayobakiza 1, kwa hiyo mzunguko wa 7 ni kamili. Na kwa kuwa 5 haimo katika orodha ya vigawo vya jirani, 7^5 nayo ina mzunguko kamili. Ndiyo maana ya 16,807. Linganisheni na 2, ambayo mzunguko wake ni 31 tu: mtu angeitumia 2 badala ya 16,807, safu yake ya "nasibu" ingerudi mwanzo baada ya hatua 31.

Nyongeza moja ambayo ningeona vibaya kuiacha: majaribio hayo saba, pamoja na lile la kuona kwamba 7^2,147,483,646 yenyewe inabakiza 1, ni uthibitisho mwingine kamili wa utasa, usiohitaji kugawanya kwa 311 wala kwa 1,303. Mzunguko wenye urefu huo hauwezi kupatikana kama namba si tasa, kwa kuwa mabaki yasiyo na kigawo cha pamoja na namba hiyo yangekuwa machache mno kuujaza.

Mchangiaji wa nne

Naomba kuongeza sifa moja ambayo ilinishangaza nilipokuwa chuoni, nayo inatokana tena na yule jirani wa juu. Namba 2,147,483,647 ikigawanywa kwa 4 inabakiza 3, kwa hiyo haiwezi kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni hili: katika hesabu ya mabaki kwa namba tasa za aina hii, kipeuo cha pili cha a, kama kipo, hupatikana kwa kuipandisha a kwenye kipeo cha (p + 1) ÷ 4, ambapo p ni namba tasa yenyewe. Kwa namba yetu, p + 1 ni 2^31, kwa hiyo (p + 1) ÷ 4 ni 2^29. Na kuipandisha namba kwenye kipeo cha 2^29 ni kuipiga kipeo cha pili mara 29 mfululizo, basi. Yaani unatafuta kipeuo cha pili kwa kupiga vipeo vya pili.

Mfano mdogo unaoweza kufanyika kichwani: chukua 31, ambayo ni 2^5 − 1. Hapo (31 + 1) ÷ 4 ni 8, kwa hiyo tunapiga kipeo cha pili mara tatu. Tafuta kipeuo cha pili cha 2: 2 inakuwa 4, 4 inakuwa 16, 16 inakuwa 256, na 256 ukitoa 248 zinabaki 8. Kagua: 8 × 8 ni 64, ukitoa 62 zinabaki 2. Imekubali.

Mchangiaji wa pili

Nimefuata hatua zote, Mwalimu, na zile za mabaki ya 2 nimezirudia daftarini kwa 23 na kwa 89 hadi zikanikaa. Nina maswali mawili mafupi. Je, ni kweli kwamba namba hii inatengeneza namba kamilifu? Na je, kwa kuwa 31 yenyewe ni 2^5 − 1, yaani tasa ya aina ile ile, tunaweza kuendelea na kusema kwamba 2^2,147,483,647 − 1 nayo ni tasa?

Mwanzisha uzi

La kwanza ni kweli. Euclid alithibitisha kwamba 2^p − 1 (p sasa ni kipeo, kama 31 yetu) ikiwa tasa, basi ukiizidisha kwa 2^(p − 1) unapata namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, kama 6 iliyo 1 + 2 + 3. Yetu inatoa 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane. Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu namba hizi ni za kudadisi tu na hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha utasa wa 2^127 − 1, yenye tarakimu 39. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136,279,841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana na Luke Durant kupitia mradi wa watu wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 1996. Barlow alikuwa mwanahisabati hodari na majedwali yake yalitumika kwa vizazi, lakini hapa alikosea kuhusu watu, hakukosea kuhusu hesabu.

La pili ni zuri kwa sababu ngazi inaanza vizuri mno. 3 ni tasa, 2^3 − 1 = 7 ni tasa; 7 ni tasa, 2^7 − 1 = 127 ni tasa; 31 ni tasa, 2^31 − 1 ni tasa; 127 ni tasa, 2^127 − 1 ni tasa. Mtu angeweza kuapa kwamba ni kanuni. Lakini 8,191, ambayo ni 2^13 − 1, ni tasa, na 2^8,191 − 1 si tasa: inagawanyika kwa 338,193,759,479. Na hiyo uliyoiuliza, 2^2,147,483,647 − 1, ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na si tasa. Kigawo chake kimojawapo kinajulikana, nacho ni 295,257,526,626,031, chenye tarakimu 15 tu.

Kiangalieni kigawo hicho kwa hatua ya kwanza niliyoithibitisha hapo juu. Lazima kiwe kigawe cha 2 × 2,147,483,647, ukiongeza 1. Toa 1, gawanya kwa 2,147,483,647: inaingia mara 137,490 kamili, bila baki, na 137,490 ni shufwa. Tarakimu zake tatu za mwisho ni 031, kwa hiyo kikigawanywa kwa 8 kinabakiza 7, kama hatua ya pili inavyodai. Ile ile sheria iliyompunguzia Euler kazi mwaka 1772 ndiyo iliyowaelekeza waliokitafuta kigawo hiki kwenye kompyuta.

Mchangiaji wa tatu

Mwalimu, umemtaja Lucas lakini hujalitaja jaribio lake, ambalo Lehmer alilinyoosha miaka ya 1930 na ambalo ndilo linalotumika kuthibitisha hizi za tarakimu mamilioni. Unaanza na 4. Kila hatua unapiga kipeo cha pili, unatoa 2, na unachukua kinachobaki ukigawanya kwa 2^p − 1. Ukifanya hatua p − 2 na ukafika sifuri, namba ni tasa. Usipofika, si tasa. Kwa 127: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Kwa 2,047 unahitaji hatua 9 na unaishia 1,736, kwa hiyo si tasa, hata kama huijui 23 wala 89.

Jana usiku nilijaribu kuifanya kwa namba yetu katika programu ya majedwali. Hatua za mwanzo zilikwenda vizuri: 4, 14, 194, 37,634, 1,416,317,954. Hatua ya tano ikaharibika, kwa sababu kipeo cha pili cha hiyo ya mwisho kina tarakimu 19 na programu ile inashika 15 tu, zilizobaki inazigeuza sifuri bila kukuambia. Nimeandika programu fupi inayoshika tarakimu zote, lakini kuna hatua ambayo sikuelewa kwa nini inafanya kazi: watu hawagawanyi kabisa, wanakata namba vipande viwili na kuvijumlisha.

Mwanzisha uzi

Ni ile ile ya 9 tuliyofundishwa shule ya msingi. Kwa kuwa 10 ikigawanywa kwa 9 inabakiza 1, unajumlisha tarakimu tu na baki halibadiliki. Hapa 2^31 inabakiza 1, kwa hiyo kila fungu la 2^31 linahesabiwa kama 1. Igawe namba yako ndefu katika mafungu ya 2^31, ambalo kwa kompyuta ni kukata biti 31 za mwisho, kisha jumlisha idadi ya mafungu na kilichosalia. Iendeshe hadi mwisho na utuwekee hapa hatua tatu za mwisho kwa ukamilifu, tafadhali. Kabla hujafanya hivyo, mimi naandika ninachokitarajia: hatua ya 28 itakuwa 65,536 au 2,147,483,647 − 65,536, na haiwezi kuwa nyingine. Ili hatua ya 29 iwe sifuri, ya 28 lazima iwe namba ambayo kipeo chake cha pili kinabakiza 2, na kwa namba tasa ziko mbili tu za namna hiyo.

Mchangiaji wa tatu

Hatua ya 27 imetoa 1,181,536,708.

Kipeo chake cha pili ni 1,396,028,992,351,477,264. Nikikata: mafungu ya 2^31 ni 650,076,657, na zinasalia 1,497,472,528. Jumla ni 2,147,549,185, nikitoa 2,147,483,647 zinabaki 65,538. Toa 2: hatua ya 28 ni 65,536.

Kipeo cha pili cha 65,536 ni 4,294,967,296. Toa 2: 4,294,967,294, ambayo ni 2,147,483,647 mara mbili kamili. Hatua ya 29 ni 0.